Mlango Unafunguliwa Darasa la Nane: Maneno kwa Wazazi na Vijana wa Houston

Wazee wetu, shikamooni. Mama zangu, kaka zangu, dada zangu, hamjambo. Wanangu mliojipanga huko nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele, kwa sababu leo nimekuja kwa ajili yenu, na kwa ajili ya wadogo zenu zaidi.

Naona nyuso za Uvira na Bukavu, za Bujumbura, za Kigoma, za Mombasa, na za kwetu Tanga. Wengi wenu mnanijua kama mwalimu wa hesabu. Viongozi wa jumuiya wameniomba nizungumzie ufadhili wa chuo kikuu unaotolewa na Jeshi la Wanamaji la Marekani kwa vijana wanaotaka kuwa maafisa, hasa maafisa wahandisi. Mpango wenyewe unaitwa NROTC. Nimekubali kwa sababu nimeona vijana wetu wenye akili wakiufikia mlango huo wakati umeshafungwa, na mara nyingi hawakujua kwamba ulifungwa wakiwa na miaka kumi na mitatu.

Nianze na fedha, maana najua ndizo zilizowaleta wengi hapa.

Kijana akipata ufadhili wa miaka minne, jeshi linamlipia ada yote ya masomo. Linampa sare, linampa fedha za vitabu kila muhula, na posho ya mwezi ambayo imekuwa ikianzia dola 250 mwaka wa kwanza na kufika dola 400 mwaka wa nne. Chakula na malazi kwa kawaida havimo. Vyuo vingine hujazia hapo kwa kumpa kijana chumba bure, vingine havitoi kitu. Mzazi, uliza jambo hili kabla ya kuchagua chuo, kwa sababu nyumba na chakula kwa mwaka mmoja ni fedha nyingi, na nimeona familia ikishtukizwa nazo mwezi wa nane, mizigo ikiwa imeshafungwa.

Kwa upande wake kijana anatoa miaka yake. Akihitimu anapewa cheo cha kwanza cha uafisa, na anatumikia miaka isiyopungua 5 akiwa kazini. Wajibu wote kwa jumla ni miaka 8, ukihesabu na ile anayoweza kukaa katika jeshi la akiba. Mwaka wa kwanza wa chuo anaweza kuacha bila kudaiwa. Akishaanza mwaka wa pili, amefungwa: akiacha, serikali inaweza kumdai fedha zake zirudi, au ikamtaka atumikie kama askari wa kawaida. Basi tusiuite msaada. Ni ajira, na mkataba wake unasainiwa na mtu wa miaka kumi na minane. Ausome yeye mwenyewe, na wewe mzazi usomewe neno kwa neno kwa lugha unayoielewa.

Mpango huu una umri mkubwa. Ulianza mwaka 1926 katika vyuo vikuu 6. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, mwaka 1946, Bunge la Marekani likapitisha utaratibu uliojulikana kwa jina la Admirali Holloway, wa kuwasomesha vijana kwa fedha za serikali ili baadaye walitumikie jeshi la wanamaji. Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, aliingia Chuo Kikuu cha Purdue mwaka 1947 kusomea uhandisi wa ndege kwa utaratibu huohuo. Hapa kwetu Texas, Prairie View A&M, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka tulipokaa, kilikuwa chuo cha kwanza miongoni mwa vyuo vya kihistoria vya Waamerika weusi kupata kikosi cha NROTC, yaani kitengo kinachowafundisha vijana hao palepale chuoni, mwaka 1968. Kina uhandisi, na kina kikosi. Chuo Kikuu cha Rice nacho kina kikosi, katikati ya mji huuhuu.

Sasa niingie kwenye jambo langu.

Jeshi la wanamaji linapendelea wanaosomea fani za ufundi, na uhandisi uko daraja la juu kabisa. Na hata asiyesomea uhandisi, akiwa amefadhiliwa upande wa wanamaji wenyewe, si wa kikosi cha Marine, lazima apite kalkulasi, yaani hesabu za juu za mabadiliko, na fizikia inayotumia kalkulasi. Kwa hiyo wanaochagua wanapofungua faili la mwombaji wanatazama hesabu. Hakuna sharti lililoandikwa kwamba uwe umeshasoma kalkulasi sekondari. Lakini unashindana na watoto walioisoma, tena kwa alama nzuri.

Tuhesabu kurudi nyuma. Kalkulasi iko darasa la 12. Kabla yake, darasa la 11, kuna somo la kuandaa kalkulasi. Darasa la 10 ni Aljebra ya Pili. Darasa la 9 ni jometri. Darasa la 8 ni Aljebra ya Kwanza. Ngazi moja inakaa juu ya nyingine. Mtoto anayeanza aljebra darasa la 9 anamaliza sekondari kabla hajaigusa kalkulasi, labda asome wakati wa likizo au achukue masomo mawili ya hesabu kwa mwaka mmoja. Inawezekana, na nimewasaidia waliofanya hivyo, lakini ni mzigo mzito kwa mtoto anayefanya kazi jioni ili kumsaidia mama kulipa kodi ya nyumba.

Na watoto wetu, jamani, ndio wanaowekwa chini zaidi. Mtoto amefika kutoka kambini, Kiingereza bado kinamsumbua, shule inamweka madarasa ya lugha, na kwa kuwa ratiba imebana anawekwa na hesabu nyepesi. Hakuna aliyempima hesabu. Wamempima Kiingereza. Nilimfundisha msichana mmoja ambaye familia yake ilipita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Darasani alikuwa hainui kichwa. Siku moja nikaandika mlinganyo ubaoni bila neno hata moja, alama na namba tupu. Akautatua kabla sijaweka chaki chini, kwa njia waliyofundishwa kambini, akipanga mistari yake safi kushuka chini. Alikuwa miaka miwili mbele ya darasa nililokuwa nimepewa nimfundishe. Mama yake alikuwa amesaini karatasi ya masomo bila kuelewa imeandikwa nini, kwa sababu aliambiwa tu, saini hapa.

Mwaka 2023 Texas ilipitisha sheria inayoweza kutusaidia. Inazitaka shule ziwaingize moja kwa moja katika hesabu za juu, wakifika darasa la 6, watoto waliofanya vizuri kwenye mtihani wa jimbo wa darasa la 5, wale walio katika asilimia 40 ya juu. Mtoto hahitaji kuombewa na mwalimu wala kujuana na mtu. Lakini sheria hiyohiyo inamruhusu mzazi kumtoa mwanawe. Ikija karatasi ya namna hiyo nyumbani, usisaini haraka ukidhani ni ruhusa ya safari ya shule. Niletee niisome. Mpelekee yeyote anayejua. Wala usikubali kuambiwa kwamba hesabu za juu zitamchosha mtoto ambaye bado anajifunza Kiingereza. Hesabu ndilo somo ambalo mtoto wetu anaweza kusimama nalo tangu siku ya kwanza.

Jambo la pili linaloanza nyumbani ni karatasi za uraia.

Ufadhili huu ni kwa raia wa Marekani. Kadi ya ukaazi wa kudumu haitoshi. Sheria ya mwaka 2000 inasema mtoto mwenye ukaazi wa kudumu, aliye chini ya miaka 18 na anayeishi chini ya malezi ya mzazi wake, anakuwa raia mara tu mzazi mmoja anapokuwa raia. Hafanyi mtihani wala haendi kuapa, kiapo chako wewe kinamtosha. Anachohitaji baadaye ni kuuthibitisha, kwa pasipoti au cheti. Mkimbizi anahesabiwa miaka yake mitano tangu siku aliyoingia nchini. Basi baba unayeahirisha kuomba uraia kila mwaka kwa kuogopa maswali ya historia, jua kwamba mwanao akifika miaka 18 kabla hujaapa, itabidi aanze safari yake mwenyewe, na hiyo inaweza kumkuta katikati ya maombi ya chuo.

Najua uraia ni jambo linalouma. Sisi Watanzania, mtu mzima akiapa hapa anaupoteza wa kule. Wakenya wameruhusiwa uraia pacha na Katiba yao ya 2010. Siwezi kumwamulia mtu jambo zito namna hiyo. Ninachosema, liamueni mapema mezani, na mtoto awe anasikia, msiliache mpaka mwaka wake wa mwisho wa shule.

Kuna na hili la tarehe. Nusu ya watu humu, kwa karatasi, wamezaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu aliyewaandikisha kambini hakuwa na tarehe nyingine ya kuandika. Majina nayo yameandikwa hivi kwenye kadi na vile kwenye cheti cha shule. Afisa wa jeshi anachunguzwa historia yake: alikoishi, ndugu zake walioko nje, anaowatumia fedha. Kuwa na shangazi Bukavu si kosa. Kumficha shangazi ndilo kosa. Jibuni ukweli wote, hata ukiwa mrefu, na kama kuna jina la kusahihisha, lisahihisheni kwa njia ya sheria mapema.

Sasa nizungumze nanyi vijana, maana wazazi nimewachosha.

Mkishapata kila nilichokitaja, bado hamjajibu swali kubwa. Unaitaka kazi yenyewe? Nimewauliza wengi, wananijibu "nataka uhandisi" au "nataka chuo bure." Hakuna aliyeniambia anataka kukaa kwenye chumba cha injini saa tisa za usiku.

Chukua manowari ya kawaida ya jeshi hilo, zile za aina ya Arleigh Burke. Ndani yake kuna injini 4 za gesi, ndugu wa injini za ndege, zinazotoa nguvu za farasi kama 100,000 na kuzungusha mihimili miwili ya propela. Kuna jenereta 3 za umeme. Kuna mitambo ya kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa, kwa watu wapatao 300. Wewe umetoka chuo, una miaka ishirini na miwili, unakabidhiwa kitengo: pengine injini kuu, pengine umeme, pengine vifaa vya kuzima moto na kuzuia meli isizame. Chini yako kuna mabaharia, wengine wana umri wa kaka yako mkubwa, na kuna askari mkuu wa kitengo aliyekaa baharini tangu ukiwa chekechea. Yeye anaijua mashine kuliko wewe. Lakini anayewajibika ni wewe.

Kazi nyingi zina sura hii: baharia anachota oili kutoka kwenye mtambo, anaitia katika chupa ya kioo, anaiinua kwenye mwanga. Inatakiwa iwe angavu, isiwe na ukungu wa maji wala chembe chini. Anaandika kwenye daftari. Saa inayofuata joto na mgandamizo vinaandikwa tena, na inayofuata tena. Afisa anapitia daftari hilo na kutia saini. Saini yako inasema: nimeangalia. Kuna usiku utakuwa umechoka, namba zote zinafanana na za jana, na hakuna atakayejua kama umezitazama kweli. Hapo ndipo uhandisi wa jeshi ulipo.

Mwaka 1963, tarehe 10 Aprili, nyambizi ya Marekani iitwayo Thresher ilizama katika Atlantiki ikiwa kwenye majaribio ya kina. Watu 129 walikufa, na 17 kati yao walikuwa raia, wengi wao watu wa karakana ya meli. Kabla ya safari hiyo nyambizi ilikuwa imekaa karakana muda mrefu, na baadhi ya maungio ya mabomba yake yalipimwa kwa mawimbi ya sauti. Yalipimwa maungio 145. Takriban asilimia 14 yalionekana hayafikii kiwango. Yaliyobaki, na yalikuwa mengi mno, hayakupimwa kwa njia hiyo, kwa sababu kazi ilikuwa imechelewa na meli ilitakiwa itoke. Mahakama ya uchunguzi iliona kwamba huenda bomba lilifunguka chumba cha injini, maji ya chumvi yakaharibu umeme, mtambo wa nyuklia ukajizima, na hewa ya kuiinua nyambizi ikashindwa kwa kuwa unyevu uliganda kwenye mabomba yake.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na hiyo asilimia 14 hainitoki. Ukipima sehemu, ukakuta katika kila saba moja ni mbovu, hesabu ya mtoto wa darasa la nane inakuambia jinsi hali ilivyo katika zile ambazo hukuzipima. Namba ilikuwepo. Ilihitaji mtu wa kuisimamia, akasema meli haitoki. Baada ya msiba huo jeshi lilianzisha utaratibu unaoitwa SUBSAFE, ambapo kila kipande kinachozuia maji kuingia kinafuatiliwa kwa karatasi tangu kinapotengenezwa. Hakuna nyambizi iliyothibitishwa kwa utaratibu huo ambayo imepotea mpaka leo.

Aliyekuwa akiongoza mitambo ya nyuklia ya jeshi hilo wakati ule ni Hyman Rickover, na maisha yake yanatuhusu. Alizaliwa Poland, mtoto wa fundi cherehani Myahudi, wakati nchi hiyo ikitawaliwa na Urusi. Familia ilikimbilia Marekani akiwa mdogo. Chicago alifanya kazi ya kupeleka simu za maandishi huku akisoma sekondari. Mbunge mmoja, Adolph Sabath, naye mhamiaji, alimpendekeza chuo cha jeshi la wanamaji cha Annapolis, akahitimu mwaka 1922. Baadaye alisomea uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Columbia. Nyambizi ya kwanza ya nyuklia duniani, Nautilus, iliyoanza kusafiri baharini kwa nguvu hiyo Januari 1955, ni matunda ya kazi yake. Kwa miaka mingi aliwahoji mwenyewe vijana waliotaka kuwa maafisa wa nyuklia, na hata sasa anayetaka njia hiyo huhojiwa na mkuu wa idara hiyo huko Washington. Wanauliza hesabu na fizikia, ana kwa ana.

Wasichana, nanyi mko ndani ya maneno haya yote. Nyambizi zilifunguliwa kwa wanawake mwaka 2010, na maafisa wa kwanza wanawake wakaripoti mwaka uliofuata. Atakayekuambia chumba cha injini si mahali pa mwanamke, mwache aendelee kusema huku wewe unafanya zoezi lako la fizikia.

Kuna swali nililoulizwa na mzee mmoja hapa wiki iliyopita, na niliahidi kulijibu mbele ya watu. Aliniambia: Mwalimu, sisi tulikimbia bunduki. Leo nimpeleke mwanangu jeshini kwa mikono yangu?

Mzee wangu, swali lako ni la haki, na sina jibu la kukufuta machozi. Manowari ni chombo cha vita. Afisa mhandisi hashiki bunduki kila siku, lakini injini anazoziangalia zinapeleka makombora yanakoamriwa. Nyambizi nyingine zinabeba silaha za nyuklia. Kijana hachagui vita vya nchi, anavikuta. Kama dhamiri ya nyumba yako inakataa, ikatae wazi, na asiwepo mtu wa kumdhihaki kijana wako. Kijana naye, akisema hapana, asisukumwe kwa sababu ya ada.

Na bahari haina njia moja. Kipo chuo cha Webb, New York, kilichoanzishwa na mjenzi wa meli mwaka 1889. Kinafundisha usanifu wa meli na uhandisi wa mitambo yake, na kila raia au mkaazi wa kudumu anayekubaliwa pale anasamehewa ada yote. Mkaazi wa kudumu, mmesikia? Hapa Galveston, Texas A&M ina chuo cha mabaharia wa meli za biashara. Na mlango wa njia hizi zote ni ileile hesabu ya darasa la nane, ndiyo maana naing'ang'ania.

Kwa walio darasa la 11 sasa, niwaambie haraka. Maombi ya NROTC hufanyika mtandaoni, yanafunguliwa majira ya kuchipua ya darasa la 11 na kufungwa katikati ya baridi ya mwaka wa mwisho. Msingoje mwisho. Kuna kupimwa mwili, ikiwemo kukimbia maili moja, kuna mahojiano na afisa, na uchunguzi wa afya ambao unauliza sana habari za pumu baada ya miaka 13. Na jambo linalowaponza wengi: kupewa ufadhili na kukubaliwa na chuo ni mambo mawili. Ombeni vyuo kivyake, zaidi ya kimoja, vyote viwe na kikosi.

Nimemaliza. Nitakaa kwenye meza ile karibu na chai mpaka watakapotufungia ukumbi. Wenye watoto wa darasa la 5 hadi la 8 waje kwanza, na ripoti ya hesabu ya muhula huu, hata kama ni mbaya. Wanaotaka kujaza fomu za uraia, kuna kijana wetu anayesaidia fomu hizo, atakaa upande wa kushoto. Darasa la 11 na la 12 mniandikie majina kwenye karatasi, tutakutana Jumamosi. Mama mwenye barua ya shule mkononi, nimekuona tangu nilipoanza. Njoo wewe kwanza.